Ng'ombe Aliyekula Okidi Zangu

Elieshi mwanangu,

Maharage yapo jikoni, yaunge tu. Ng'ombe usimkatie majani. Ameshakula, tena vizuri kuliko sisi wote.

Zile okidi nilizonunua jana Lemara kwa Mama Dhara, zinazovumilia baridi ya Juni hata zikipandwa nje, niliziacha kwenye ndoo karibu na banda. Zilikuwa hazijatoa maua. Asubuhi baba yako akazikatakata pamoja na mgomba, akamlisha ng'ombe. Ati alidhani ni majani ya mifugo. Majani gani ya mifugo yanafungwa kwenye gazeti na kuwekewa maji?

Chai yake ~~ajichemshie mwenyewe~~ ipo kwenye chupa. Nilipotoka kuoga nilikuta jani la sale limefungwa fundo mlangoni, na yeye amejibanza nyuma ya migomba ananichungulia. Sasa mtu akishakuletea sale kuomba msamaha, utakataaje? Nikacheka, yakaisha.

Naenda kununua nyingine. Nisafishie kona moja sebuleni, zitalala ndani.

Aliyebaki na kesi ni ng'ombe, maana hajaniletea sale. Jioni asipewe pumba.

Mama