Mume wa Kwenye Fomu

Kasulu,
4 Mei 2025

Dada Esteria,

Amahoro. Habari za Mabamba, habari za mgongo wako, habari za mama na kikohozi chake? Mimi mzima kupita kiasi.

Keti chini kwanza. Umeketi? Musaza wako, huyu kaka yako mdogo, ana bahati mpaka inatia aibu. Ile sheria mpya ya mikopo ya nyumba, inayotaka kila dalali awe na leseni la sivyo aache kazi, imewafagia madalali wa Kasulu kama maganda ya maharage. Kabaki mmoja tu. Mimi! Leseni nimeitia kwenye fremu ya kioo, iko ukutani juu ya kiti changu. Mteja akiingia anasalimia fremu kwanza, mimi baadaye. Shule ya kambini Mtabila, darasa la sita, na sikulimaliza. Ona liliponifikisha.

Nakuandikia kwa karatasi maana simu yako najua unaiweka spika hapo dukani, na mambo ya ofisi si ya kusikilizwa na wanunua chumvi. Kipriani kondakta ndiye atakuletea. Mpe soda.

Musaza wako,
Japhet


Mabamba, Kibondo,
11 Mei 2025

Mdogo wangu Japhet,

Amahoro nawe. Sisi hatujambo. Mama anakohoa lakini anagombana, kwa hiyo ni mzima. Kipriani kanywa soda mbili.

Hongera ya leseni. Umeipata wakati ninapokuhitaji. Ile kampuni iliyonikopesha hela ya kuezeka nyumba na kujenga chumba cha duka imeniletea barua. Sheria hiyo hiyo imewaamuru wahakiki mafaili yote ya nyumba walizochukua rehani. Kila mkopaji aonekane na mwenza wake, ana kwa ana, kabla ya tarehe 30 Juni. Asipoonekana, mkopo wote unadaiwa kwa mkupuo, ukishindwa nyumba inauzwa.

Imeandikwa: "Uwe na mumeo, Bwana Japhet Nduwayezu."

Unakumbuka? Mume wangu Manirambona alivukia Manyovu kurudi Burundi mwaka 2012, kambi ilipofungwa. Alisema anakwenda kuangalia shamba la baba yake kisha anarudi. Hata salamu sijapata. Siku ya mkopo wewe ukasema, "Dada, fomu inataka mwanaume na picha, haisemi awe yupi." Ukatoa picha yako mfukoni. Nikacheka, nikasaini.

Sasa sicheki. Hati ya nyumba iko kwao, na mama analala humu ndani. Fanya kitu, wewe mwenye leseni.

Dada yako,
Esteria


Kasulu,
18 Mei 2025

Dada yangu mpenzi,

Amahoro. Mama kaamkaje? Mimi sijambo, nazidi kupendeza.

Ondoa wasiwasi. Tarehe 28 Juni nakuja Mabamba na suti ya kijivu. Wewe niite "baba watoto" mara moja tu mbele ya ofisa, bila kucheka, mambo yameisha. Nina uzoefu. Nikuambie siri: kwenye mafaili ya kampuni ile mimi ni mume wa wanawake watano. Yupo Firdausi, yule mwalimu aliyetoka Tanga, mumewe alikuwa masomoni. Yupo Niyonsaba muuza vitenge. Kasulu nzima hakuna mwanaume mwenye wake wengi na chakula kidogo kama mimi! Kazi ndivyo ilivyokuwa. Ofisa wao wa zamani alikuwa ananipigia mwenyewe: "Japhet, njoo uoe, kuna mteja."

Pasi ya suti niandalie wewe.

Mumeo wa fomu, musaza wako wa kweli,
Japhet


Mabamba,
25 Mei 2025

Japhet,

Amahoro. Tu wazima.

Sitakuita baba watoto. Ofisa atakuja na mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti ndiye aliyekuchapa ulipoiba miwa yake. Anajua wewe ni mtoto wa nani. Na hata angekuwa hajui, nisingesema.

Hili jingine halichekeshi. Siku ile niliposaini, nilimfuta Manirambona kwa mkono wangu. Kama amekufa, kama ameoa huko, sijui. Lakini hakustahili kufutwa kwa picha yako ya pasipoti. Nimetuma watu waulize kwa wabadilisha fedha wa Manyovu, hakuna anayemjua. Nataka karatasi iseme ukweli: mume hayupo.

Nenda ofisini kwao ukaseme. Najua ukisema, leseni yako inaweza kuondoka. Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru.

Dada yako,
Esteria


Mabamba,
15 Juni 2025

Japhet,

Amahoro, kama barua hii itakukuta. Wiki tatu kimya. Simu yako haipatikani. Kipriani anasema mlango wako una kufuli.

Mama ameanza kufunga vyombo vyake kwenye kitenge. Hakuna aliyemwambia, kasoma uso wangu. Anasema amehama mara tatu maishani, na ya nne wamhamishe akiwa amekufa.

Kama umekimbia, sema umekimbia. Ugali wako utakuwepo hata hivyo.

Dada yako,
Esteria


Kasulu,
27 Juni 2025

Dada Esteria,

Amahoro. Mwambie mama afungue vyombo.

Ndani ya bahasha hii mna hati ya nyumba yako. Ile yenyewe, si kopi. Kipriani usimpe soda mpaka uhesabu kurasa zake.

Sikukimbia. Nilijifungia ndani nikitafuta uongo mzuri zaidi, na unajua ghala langu halijawahi kuisha. Safari hii liliisha. Nikaenda kwa ofisa mpya, anaitwa Mansuri. Nikamwambia, "Mimi siye mume wa Esteria. Tumetoka tumbo moja."

Akatazama kompyuta. "Na huyu mwalimu?"

"Naye si mke wangu."

"Muuza vitenge?"

"Hata chai yake sijanywa."

Akavua miwani. "Bwana Nduwayezu, una mke kweli?"

"Sina, bosi. Kazi ya kuoa ilinibana."

Yeye hakucheka. Mlinzi alicheka mpaka akatoka nje.

Wakamwita mwanasheria. Akasema rehani ya nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza wa kweli haisimami, na wenye kesi wangekuwa wao, maana ofisa wao alijua. Kwa hiyo nyumba imetoka. Deni limebaki, utalipa kila mwezi kama kawaida, lakini nyumba haishikwi na mtu. Kwenye fomu mpya, nafasi ya mwenza, wameandika: "Manirambona, hajulikani alipo tangu 2012." Isome mwenyewe kabla ya kusaini.

Wake zangu wengine wanne nimewapitia mmoja mmoja, nikawaomba radhi na kuwaelekeza kwa Mansuri. Firdausi kanipa maji ya kunywa. Niyonsaba kanipa matusi. Mimi nimepigwa marufuku ya udalali, na kile chumba cha ofisi nimekirudisha kwa mwenyewe. Napima maharage sokoni. Debe linanitii.

Ila usinililie kwa ajili ya leseni, dada. Uliandika kwamba inaweza kuondoka. Haikuondoka, maana sikuwahi kuwa nayo. Walitaka cheti cha kidato cha nne, mimi nikawapelekea maneno. Kwenye ile fremu mna cheti changu cha ubatizo.

Musaza wako,
Japhet