Peremende Moja kwa Kila Mtoto

Jumatatu, 8 Desemba

Geti nimefungua saa tatu. Bwawa la kuogelea limesafishwa. Treni ya watoto imekataa kuwaka tena. Shule zimefungwa na watu wa kadi za mwaka wameanza kumiminika.

Mtu wa tikiti ya siku namfunga bangili ya karatasi, nabonyeza kidude changu cha kuhesabu. Mwenye kadi ananionyesha kadi, nabonyeza kwa kila kichwa alichokuja nacho. Tukifika mia nne nafunga geti, hata aje nani. Miaka sita nafanya hivyo hapa chini ya vilima vya Kilungu na sijawahi kupitisha mia nne.

Leo 212. Miguu inauma.

Alhamisi, 11 Desemba

Nyanya mmoja, Susu Kalunde, amekuja kutoka Matiliku na wajukuu wake. Binti yake alimnunulia kadi ya familia. Nikajisahau, nikaanza kuwanyooshea watoto kidole: mmoja, wawili. Akanipiga mkono. Kofi kabisa, mbele ya watu.

"Watoto wangu hawahesabiwi," akasema. "Hata mbuzi sihesabu."

Aibu ilinishika kwa sababu haya nayajua. Mimi ni wa Nuu. Susu yangu mwenyewe alikuwa akiwaita mbuzi kwa majina jioni, na asiyeitika ndiye anayetafutwa. Kumhesabu mtoto kwa kidole ni kumwitia mabaya, ndivyo tulivyolelewa. Sasa mimi nifanyeje, na kidude kinataka namba?

Nikakumbuka mkebe wa peremende mezani. Kila mtoto moja. Susu akafurahi, akanibariki. Zilikuwa ishirini, zikabaki kumi na moja. Nikabonyeza mara tisa chini ya meza na hakuna aliyejua.

Nimejisifu siku nzima. Mkebe utakaa pale pale getini.

Jumapili, 14 Desemba

Bosi ameuza kadi kanisani tena. Alisimama baada ya ibada na kuwaahidi watu: ukiwa na kadi hii unaingia siku yoyote, hakuna kufungiwa nje. Ni kanisa la tatu mwezi huu. Nilimuuliza kadi zimefika ngapi sasa, akacheka tu. Ama hajui, ama hataki kusema. Bwawa ni lile lile.

Jumatano, 17 Desemba

Nimemwendea Bosi ofisini. Nilimwambia kadi zisitumike siku ya baada ya Krismasi. Kama hataki, basi watu watume ujumbe mapema, waje kwa zamu, nusu asubuhi na nusu mchana. Mutuku, mlinzi wa bwawa, aliniunga mkono. Alisema watu wakizidi haoni chini, anaona vichwa tu.

Bosi alisema hawezi kumrudisha nyumbani mshirika mwenye kadi. Kanisa zima litakuwa limejua kabla ya jioni. Kisha akatoa amri mpya. Nihesabu wa tikiti peke yao. Wa kadi wapite, hao walishalipa.

Yaani mtu akilipa mapema hachukui nafasi majini!

Nilichemka. Nikanyamaza. Nahitaji hii kazi. Najichukia nikinyamaza hivyo.

Jumatano, 24 Desemba

Peremende zimebaki kumi na mbili. Dukani foleni ilikuwa ndefu, nikaona uvivu. Kesho hatufungui. Keshokutwa ndiyo siku yenyewe na naiogopa.

Ijumaa, 26 Desemba

Naandika tu.

Saa nne foleni ilikuwa imefika barabarani. Mabasi ya makanisa. Kadi, kadi, kadi. Kidude kilisoma 260 na ndani hakukuwa na pa kuweka mguu. Peremende ziliisha kabla ya saa tano. Mara mbili nilimpigia Bosi nimwombe nifunge. Akasema nipitishe.

Susu Kalunde alifika saa sita na kundi lake. Nikaangalia mkebe mtupu. Nikaangalia foleni nyuma yake. Nikasema moyoni, ni wale wale tisa. Wakapita.

Saa kumi na moja wakatoka. Niliwahesabu kwa macho, kimya, wakinipita mmoja mmoja. Tisa. Nikaridhika. Nikawapungia mkono.

Walioingia walikuwa kumi.

Mwende, miaka sita. Alikuja kwa Susu juzi kutoka Nuu, kwa likizo. Kwenye gari Susu aliita majina kama kawaida yake, yale yale ya kila siku, na jina la Mwende ulimi ulikuwa haujalizoea. Tisa wakaitika, gari likaondoka. Walikuwa wameshafika njia panda ndipo mmoja wao akauliza Mwende ameketi wapi.

Walirudi mbio. Mutuku alikuwa bado anawatoa watu majini. Maji yalikuwa rangi ya chai. Akaingia. Alimpata kwenye kona ya ngazi, akipapasa kwa miguu, kwa sababu macho hayakuona kitu.

Jumamosi, 27 Desemba

Polisi. Afisa aliniuliza jana waliingia watu wangapi. Nikasema sijui. Akauliza kwa njia nyingine. Nikasema sijui. Hilo ndilo swali ninalolipwa kulijibu.

Mutuku ameketi kando ya bwawa tangu asubuhi. Limemwagwa maji yote. Nimempelekea chai, haijaguswa.

Jumatatu, 29 Desemba

Bosi amekuja kwangu na daftari la geti. Hajawahi kukanyaga hapa. Aliniita dada, akasifu chai yangu, kisha akafungua ukurasa wa tarehe 26, ambao haujaandikwa kitu. Alitaka niandike 390. Na chini yake niandike kwamba nyanya wa mtoto alikataa wajukuu wahesabiwe. Alisema si uongo, watu wengi walimwona siku ile akinipiga.

Na kinachoniuma ni kwamba ni kweli, alikataa. Na mimi niliwaacha wapite bila peremende kwa sababu ya uvivu wa foleni ya duka. Hayo ni yetu sisi wawili, mimi na yeye. Lakini ule umati uliokuwa mle majini si wa Susu Kalunde.

Nilichukua kalamu nikaandika: Sijui, niliambiwa nisihesabu wa kadi. Nikatia sahihi. Nikamkabidhi daftari na funguo za geti pamoja.

Hakumaliza chai.

Jumamosi, 3 Januari

Nuu. Nimefika saa nne, na nyumbani kwetu sikupita.

Kaburi lilikuwa fupi sana. Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu, watu wakaitika amina. Mimi sikuitika. Mama yake Mwende hakuniangalia, na sikutaka aniangalie.

Susu alikuwa ameketi peke yake karibu na jikoni. Nilipiga magoti nikamwambia yote. Peremende, kidude chini ya meza, tisa niliowaona wakitoka nikaridhika. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akikunja leso na kuikunjua.

Saa tisa gari la kuwarudisha Matiliku likawashwa. Watoto walijipanga mlangoni wakiwa na nguo zao za Jumapili. Susu akaanza kuwaita. Jina la kwanza, la pili, la tatu, kisha akaacha. Alinishika mkono, ule ule alioupiga siku ile, akaunyoosha kuelekea kwa watoto.

"Hesabu," akasema. "Kwa sauti."

Nikahesabu. Kila mmoja nikimgusa kichwa. Sauti ilikatika kwenye sita nikaanza upya, na yeye akangoja. Tisa.

Wakapanda, mlango ukafungwa. Nilirudi jikoni kusaidia kuosha sufuria.