Mzigo wa Nahodha Luhende

Ujiji, Jumatano

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Ruqayya,

Assalaam alaykum. Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta umeamka vizuri, na kwamba lile goti limepunguza kuuma tangu ulipokwenda hospitali ya Kitete. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Utashangaa kuandikiwa na mtu mwenye simu. Tangu tulipozungumza mara ya mwisho nimekupigia mara nyingi, mama, lakini nikisikia sauti yako nakata.

Jahazi letu ndiyo limekwenda. Wavuvi wa Kalya wameokota vipande vya tanga na madumu matupu tu. Chumvi ya Uvinza na saruji vyote viko chini ya ziwa. Valentino, baharia aliyeokolewa, amenisimulia kwamba upepo wa kusini uliwakuta mchana, mbali na nchi kavu. Walishusha tanga, wakakumba maji kwa ndoo mpaka viganja vikachubuka, lakini jahazi lilikuwa limekaa chini mno, kila wimbi likawa linaingia. Lugembe, yule mpishi wa Goweko aliyekuwa akikuletea asali, alionekana siku ya tatu. Tulimzika kulekule Kalya.

Nahodha Luhende yuko hospitali, amevunjika mbavu. Maofisa walipokuja kumhoji nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chake. Walimuuliza ni nani aliyeruhusu jahazi lipakiwe kupita kiasi. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Mzigo niliukubali mwenyewe." Wakaandika. Mimi nikanyamaza.

Mama, yale niliyokwambia kwenye simu, kwamba nilimsihi asiondoke akakaidi, yalikuwa uongo. Luhende alisimamisha upakiaji mapema, akaenda sokoni kununua kamba. Aliporudi alikuta nimewaamuru wachukuzi waongeze saruji juu ya chumvi. Aliniomba ishushwe. Mbele ya mabaharia wote, mimi niliyebebwa mgongoni na mtu huyu utotoni, nikamwambia, "Kama umezeeka sema, nitafute nahodha mwingine."

Alikwenda kukagua kamba zake, wakang'oa nanga. Mimi nikaenda kula.

Maofisa walipoondoka aliniambia amenisitiri kwa heshima ya marehemu baba. Sikuweza kumtazama usoni.

Dada Masika amenieleza kuwa Mwanne, mke wa Luhende, alikuja kwako kutoka Ipuli kuulizia habari za mumewe, nawe ukamrudisha mlangoni kwa sababu ya maneno yangu. Nakuomba umfuate kwake, umwambie ukweli huu kabla hajausikia kwa wengine. Mimi kesho asubuhi nakwenda kwa maofisa ili wafute walichoandika na waandike jina langu. Wakiniachia nitapanda treni, lakini kwetu Tabora nitapitiliza mpaka Goweko, kwa wazazi wa Lugembe kwanza. Nyumbani nitakuja baadaye, kama utanifungulia.

Nisalimie Masika na wanawe.

Ni mimi mwanao,
Yaser