Kijiti cha Mkono wa Kushoto

Mama yangu, shikamoo.

Tunduma ni baridi na vumbi, malori yamepanga foleni mpaka kilimani, nami nawaza mchuzi wako tu. Leo mchana bendi ikiwa mazoezini, aliingia mzee kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa heshima wanamwita Ba Chanda. Zamani alipiga drams kwenye bendi ya jazz ya kwao. Akaniomba vijiti vyangu. Cha kulia alikishika kama sisi wote, lakini cha kushoto alikilaza kwenye kiganja kilichotazama juu, kama marehemu baba. Hata sauti ya drams ilikuwa ya baba, ile ya kunong'ona. Nilisimama na muhindi wangu wa kuchoma, nikashindwa kutafuna.

Unakumbuka baba alivyotaka kunifundisha kushika vile, nikagoma? Mimi wa mashoto, ulikuwa umenichapa sana nisipokee kitu kwa kushoto. Kiganja kile kilichofunguka kilinitia aibu mbele yako.

Ba Chanda aliponirudishia vijiti nilinyoosha mkono wa kulia. Akakataa.

"Lete kushoto, mukwai," akasema, kwa neno la heshima la kwao. "Fungua, kama unapokea chumvi."

Nikafungua. Nimepiga hivyo mpaka saa kumi jioni, nikikosea kosea, machozi yakinilenga.

Nakuletea chumvi ya Ivuna. Nitakupa kwa mkono wa kulia, usiwe na wasiwasi. Ila ukinikuta nimekaa peke yangu, kiganja cha kushoto kiko wazi, usinikemee, mama. Nampokea baba.

Mwanao akupendaye,
Edo