Mrija Mmoja, Chupa Mbili

Mdogo wangu,

Miguu imevimba, na daktari hanifichi tena. Nasikia bustani yako imestawi.

Unakumbuka uliponitania maabarani: "Kaka, hizi seli zako za figo mbona zinatoa protini ya ini?" Nilicheka nawe. Kesho yake nikamwambia mkuu wetu kuwa wewe ndiye uliyezichanganya, ukafukuzwa kazi.

Ni mimi niliyezichanganya. Nilikuwa na haraka, nikalisha seli za chupa zote mbili, ya figo na ya ini, kwa mrija uleule, za ini zikaingia kwenye za figo. Nililijua hilo hata nilipokuwa nikicheka.

Juzi nilimwandikia mkuu wa sasa, nikakiri. Amejibu kwa upole kwamba hakuna anayekukumbuka pale. Jina langu lingali juu ya mlango wa maabara.

Kaka yako, kama bado unaniita hivyo.