Ala ya Arobaini na Nne

Alhamisi, 9 Oktoba

Viwanda vimefunguliwa, sikukuu ya Wachina imekwisha. Soko la nguo la Shahe tangu asubuhi. Marobota mawili ya nguo za watoto, yamefungwa, yamepelekwa kwa wakala wa mizigo. Magoti yanawaka moto. Hii ndiyo safari yangu ya mwisho. Miaka kumi na minne napanda ngazi za mji huu, basi.

Athumani amepiga simu. Mwanangu wa mwisho, yuko Marekani mwaka wa kumi na moja. Nyumbani Tanga haji. Baba yake alipokufa hakuja kumzika, sasa anaona aibu kusimama mbele ya kaburi. Nimemwambia aibu haipungui kwa kukaa mbali. Hasikii. Ndipo tukakubaliana hapa Guangzhou, si kwake, si kwangu. Atakuja Alhamisi ya tarehe 23, yeye na Salma. Salma ana miaka tisa. Nina wajukuu saba. Sita nimewaogesha kwa mikono hii. Wa saba namjua kwa picha.

Tiketi hajakata. Anasema fedha yake ameitenga.

Ana mchezo mpya. Siku za mapumziko anakwenda na wenzake wa kazini kwenye uwanja wa shabaha, wanapiga karatasi risasi. Sasa anataka bastola yake mwenyewe. Rivolva, ile yenye tumbo la kuzunguka, tena kubwa. Hajui achukue kaliba gani, yaani unene wa risasi. Kaniuliza mimi. Nikamwambia karatasi haina mbavu, unataka kuiua na nini. Akacheka. Miaka sijamsikia akicheka hivyo. Tumeongea saa nzima. Siku nyingine ni mama hujambo, mama nipo kazini, kwaheri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kapiga tena. Siku mbili mfululizo. Hajawahi.

Yuko kati ya tatu. Ya kwanza inaitwa tatu hamsini na saba. Nyembamba kidogo, na unaweza kuilisha risasi ndogo zaidi ukitaka kujifunza taratibu. Ya pili arobaini na nne, nene, lakini nayo ina risasi zake fupi za upole. Ya tatu mia tano. Hiyo ni mzinga. Anasema mwenzake mmoja anayo, akiipiga watu wote uwanjani wanageuka.

Wageuke wamwone nani? Mpumbavu anayejivunja kiwiko.

Ananiuliza kwa sababu ya baba yake. Marehemu alikuwa askari wa wanyamapori, alibeba bunduki ya kuzuia nyati na tembo. Nilifua mafuta ya bunduki kwenye mashati yake. Bega lake nimelikanda kwa maji ya chumvi. Sikio la kushoto lilikufa kabla yake, nikawa namwita kwa upande wa kulia. Kwa hiyo najua. Shule nimeishia darasa la nne, lakini risasi najua inamfanya nini anayeipiga.

Nimesema tatu hamsini na saba. Akanyamaza. Nikaogopa atakata simu. Haraka nikasema, au hiyo arobaini na nne, hebu nieleze vizuri. Akaeleza mpaka chai yangu ikapoa.

Jumapili, 12 Oktoba

Mdomo umeniponza. Nimemwambia nitamshonea ala ya ngozi kule Shiling kwa mafundi wa mikoba, ya kuvaa kiunoni, nimpe mkononi siku atakayofika. Mkoba wa mwanamke nimenunua Shiling maelfu, ala ya bastola sijawahi hata moja.

Amefurahi mno. Kasema, "Mama, basi ngoja nikate shauri kabisa." Nzuri. Mtu anayengojewa na kitu chake lazima aje.

Asha, Mzanzibari ninayepanga naye chumba, amesikia yote. Anasema, "Bimkubwa, wenzako wanawaonyesha watoto wao mabinti wa kuoa, wewe wamwonyesha wako risasi." Nikamwambia afunge mdomo apike.

Nimenunua shuka jipya la kitanda cha ziada. Samawati, lina samaki wadogo. La Salma.

Jumatatu, 13 Oktoba

Basi mpaka Shiling. Mama Lin ana karakana ndogo ya ngozi, cherehani sita, tunajuana tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nikamwonyesha picha ya bastola kwenye simu. Akatazama mlango, akasukuma simu yangu chini ya meza.

Ala anaweza. Lakini ngozi nene hukatwa kwa kufuata umbo, haikatwi kwa picha. Na umbo, yaani bastola ya bandia ya kubania ngozi, hana. Mei you, hakuna. Hapa hata la kuchezea mtoto, likifanana sana na la kweli, ni kesi. Akakutanisha viganja vyake kama amefungwa pingu. Nimeelewa.

Kingine. Lazima ajue kaliba leo au kesho. Tumbo la arobaini na nne ni nene kuliko la ile nyembamba, na la mia tano ndiyo kabisa. Ngozi ikishalowekwa na kubanwa juu ya umbo, ikikauka haibadiliki tena.

Jioni nimempigia. Nikamwambia amua sasa, ngozi inangoja. Akasema, "Mama amua wewe." Nikaamua. Arobaini na nne. Kubwa ya kumfurahisha, na ana risasi za upole za kuanzia. Akasema, "Imekwisha hiyo, arobaini na nne." Akanitumia vipimo vyote kwa inchi.

Nimelala nina raha. Mwanangu wa miaka arobaini na moja amenisikiliza.

Jumatano, 15 Oktoba

Jana nimekaa kutwa na kisu. Nina mche wa sabuni ya kufulia niliokuja nao kutoka Tanga, za huku zinanichubua. Mche ni mrefu, inchi kumi na mbili zimetosha. Nikachonga. Mkono wa kushikia, mtutu, chini ya mtutu nikapima kwa futi ya fundi nguo. Tumbo nimelibandika kwa sabuni niliyoilainisha na maji moto. Asha kaja, kaona, katoka nje.

Imetoka sawasawa. Ndiyo kosa lake.

Asubuhi nikaifunga kwenye kanga, nikaitia mkobani, nikaenda stesheni ya treni ya chini, inifikishe kwenye basi la Shiling. Pale mlangoni kuna mashine ya kupitishia mizigo. Miaka yote napita na sitazami hata upande ule. Leo mashine ikasimama. Kijana wa ulinzi akapiga kelele. Watu wakarudi nyuma, nikabaki peke yangu katikati kama mgonjwa wa ukoma.

Wakaifungua kanga. Polisi wakaja wawili. Kichina changu ni cha bei na cha kukataa bei, hakina neno la sabuni. Nikaomba maji kwa ishara. Nikajimwagia mkononi, nikaisugua ile bastola, povu likatoka. Nikanawa mpaka viwiko mbele yao. Yule polisi mtu mzima akageuza uso, mabega yanamtikisika.

Lakini hawakuniachia hivi hivi. Wameniweka kwenye kiti, wamepiga picha pasi yangu, wameandika. Pale nilipokaa nimewaza jambo moja tu. Wakiifuta viza yangu leo, tarehe 23 Athumani atafika na mtoto na mimi sipo.  

Mwisho wakanipa niivunje mwenyewe. Nimeukata mtutu kwa mikono yangu. Wakaniruhusu na vipande.

Sikurudi nyumbani. Nimepanda gari la kukodi mpaka Shiling. Mama Lin akavitazama vipande viwili, akanitazama mimi, akachukua kijiti cha kulia wali, akavichomeka pamoja. Mtutu umesimama. Ngozi imekatwa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo sikutoka. Athumani nimemsimulia habari ya polisi, akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia cheka, mama yako nusura afungwe kwa sabuni.

Tiketi? Kesho, Mama. Wikiendi hii nakata.

Jumapili, 19 Oktoba

Hakupiga. Nimekwenda Pazhou na Asha kutazama maonyesho ya biashara, nikalipia begi la shule la pinki. Nilishika simu mkononi kutwa, kwenye ukumbi wenye kelele kama ule usingeisikia mfukoni.

Hakupiga.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kapiga saa moja asubuhi. Kwake ni Jumapili jioni. Sauti imechangamka mno, nikajua.

"Mama nimenunua. Ila sikuchukua ile. Nimechukua mia tano."

Wenzake wa kazini walikuwepo dukani. Muuzaji akamwekea mkononi. Akaona arobaini na nne kama kijiti.

Sikuuliza kuhusu kaliba. Nimeuliza tiketi.  Nikauliza tena, tiketi ya mtoto je. Akasema, "Mama, mwakani, panapo majaliwa. Nitakuja vizuri zaidi."

Fedha ilikuwa ni ile ile.

Nimemwambia mwakani sina safari ya huku. Nimemwambia mwakani sijui nitakuwa wapi. Nimemwambia mtu mzima anayenunua mzinga wa kupigia karatasi ana akili za kuku. Akasema, "Mama usikasirike." Sikukasirika. Hasira naijua, hii siyo.

Kisha nikafanya kitu cha kijinga. Nilipoona anataka kuaga, nikamuuliza ina uzito gani. Akaanza kueleza. Nikamwacha aeleze.

Jumanne, 21 Oktoba

Sijala.

Kosa ni langu pia, niandike. Nilikuwa najua tangu siku ya pili. Nikitaja nyumba ananyamaza, nikitaja kaburi anaaga, nikitaja risasi anakaa. Nikawa nataja risasi. Kila siku nimemwekea kuni. Nilitaka sauti yake, nikaipata, na saa zile zote ndizo zilizokula tiketi. Marehemu angenikemea. Angesema wewe mwanamke, bunduki huulizwa kazi yake kwanza.

Arobaini na nne. Na mimi nilidhani nimeamua kitu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Ndiyo siku yenyewe. Nimeamka nikaoga, nikavaa gauni nililoliwekea siku hii. Sijui kwa nini. Nimevua.

Nimekwenda Shiling kuchukua ala. Nimemwagiza mtu kazi, nachukua kazi yangu, siachi ngozi ya watu mezani. Imetoka nzuri inaumiza. Rangi ya tende, uzi mnene mweupe, mkanda wake. Mama Lin akauliza kwa mkono, mwanao yuko wapi. Akaonyesha juu, ndege. Nikatikisa kichwa. Akauliza, kesho? Nikatikisa tena.

 Mwanawe mwenyewe yuko kiwandani mji mwingine, anamwona mwaka mpya wao tu. Akanitengea kigoda karibu na cherehani, akaendelea kushona. Nimekaa mpaka saa sita. Nimelia hapo, kelele za cherehani zinasaidia.

Umbo la sabuni amenirudishia, na kijiti chake ndani.

Ijumaa, 24 Oktoba

Asha anasema nimpe ala aipeleke Pazhou, kuna wanunuzi wa Kizungu watalipa vizuri. Nikamwambia siuzi. Akasema, "Sasa utaitia nini, Bimkubwa?"  Nimejaribu mkasi wangu, unacheza ndani. Imeshashika umbo la kitu ambacho hakuna.

Nimekata tiketi yangu. Jumatatu narudi nyumbani.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kufua. Shuka la samaki halijalaliwa lakini nimelifua, siwezi kwenda nalo na harufu ya duka. Sabuni nyingine sina. Nimeanza na mtutu. Ukaisha kwenye shuka. Tumbo limeisha kwenye kanga na mashuka ya Asha. Umebaki mkono wa kushikia, nao nimemalizia soksi. Kijiti nimetupa.

Jumapili, 26 Oktoba

Asubuhi imekuja video.

Athumani yuko uwanjani. Ana mvi. Picha zote anazotuma huvaa kofia, sikujua. Amesimama kwa kuegemea mguu wa kushoto, kichwa kimeinama kidogo, pumzi ameshika. Hakuna aliyemfundisha kusimama hivyo. Alikuwa na miaka sita, akijificha nyuma ya pipa la maji kumtazama baba yake akifanya mazoezi. Akapiga. Mkono ukaruka mpaka usoni. Akashusha mtutu, akautazamisha ardhini, akangoja moshi, ndipo akageuka. Vile vile.

Anayeshika simu ni Salma. Haonekani. Mkono wa baba yake uliporuka, mtoto alicheka. Kicheko kifupi, kina kwikwi mwishoni kama cha shangazi zake.

Nimeitazama mara nyingi. Mwisho nikawa nafumba macho, nasikiliza.

Chini ameandika, Mama mwambie fundi akate ala nyingine, ya mia tano, vipimo hivi hapa.

Nimemjibu kwamba sabuni imekwisha. Hakuelewa, sikumweleza. Nikaongeza avae vya kuziba masikio, sikuviona, na mtoto avalishwe vyake, asimame mbali upande wa nyuma.

Ala nimeiweka chini kabisa ya begi. Juu yake begi la pinki. Shuka limekauka, linanuka sabuni ya Tanga. Nimelikunja mara nne.