Ng'ombe wa Ndara na Kilo za Wakesho

Kaka Mwadime,

Nimelipata! Cheka huko uliko, maana kosa lenyewe ni lako.

Tangu tukuzike, kompyuta uliyoiachia kliniki naitumia mimi, pamoja na programu zako zote mbili: ya uzito wa watoto na ya ng'ombe wa ranchi kule Ndara. Kisha mwanao Wakesho akaanza kukonda. Mizani ilionyesha anapungua, lakini karatasi inayochapwa kwa ajili ya daktari ilisema kilo tano na nusu, mwezi baada ya mwezi. Daktari akaiamini karatasi. Nesi Zuhura akaniambia, "Mashine yako yasema uwongo, mwanangu. Ifunike, turudi kwa kalamu." Wifi alikuwa halali wala hali.

Nikaipekua programu ya watoto mstari kwa mstari. Safi kabisa! Nililia kwa hasira, nikakutukana hata kaburini ulimo. Nisamehe.

Kila siku huanza na ng'ombe, kwa kuwa lori la ranchi huja kuchukua karatasi zao asubuhi na mapema. Jumatatu moja likachelewa, nikachapa watoto kwanza. Uzito ukatoka sawasawa! Hapo nikakukumbuka ukisema, "Ng'ombe hapimwi kama sukari," maana watu wa Ndara hutaja kilo kwa tano tano tu. Kumbe ili kuwaridhisha uliibadilisha amri ya kukadiria namba, ile iliyokuja na lugha yenyewe ya kompyuta, na ambayo kila programu huitumia. Programu ya ng'ombe ikishafunguliwa, watoto nao wanasukumwa kwa tano tano, na kwa kuwa wao huandikwa kwa gramu mia mia, tano yao ni nusu kilo iliyo karibu. Kaka, ulitia chumvi kwenye mtungi wa nyumba nzima badala ya sufuria yako!

Amri nimeirudisha ilivyokuwa, na ng'ombe nimewaandikia ya kwao. Daktari alipoiona karatasi mpya alimlaza Wakesho siku hiyo hiyo. Kifua kilikuwa kimembana.

Amepona. Ananyonya kama aliyetumwa. Jana kafika kilo sita na gramu mia moja, na Nesi Zuhura akaipepea karatasi mbele ya kina mama wote: "Mashine imetubu!" Tulicheka mpaka wifi akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke.

Pumzika sasa, kaka yangu. Wakesho nitampima mimi mpaka atembee, na hakuna ng'ombe atakayemlia tena hata gramu mia.

Dadako,
Mghoi